Malaria Hana, Homa Haishuki

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kufika kituo cha afya wakiwa na homa, kichwa kinawagonga, mwili umeishiwa nguvu na damu inawatoka puani. Ile damu ya puani ndiyo iliyoeneza habari haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Mitandaoni ukaitwa ugonjwa wa ajabu. Wengine walitaja Ebola, wengine Marburg. Sampuli zikapimwa: Ebola hapana, Marburg hapana, Uviko-19 hapana. Siku chache baadaye Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wa wakati huo, akatangaza jina ambalo Watanzania wengi walikuwa hawajalisikia maishani mwao: homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20. Watatu walifariki dunia.

Kwa muda mfupi kila mtu akawa mtaalamu wa homa ya mgunda. Panya akalaumiwa, ushauri ukamwagika redioni, kisha mlipuko ukazimika. Waandishi tukarudi kwenye siasa na mpira. Ugonjwa nao ukarudi ulikokuwa siku zote, mashambani, mazizini na kwenye madimbwi, ukiandikwa kwenye madaftari ya zahanati kwa majina ya magonjwa mengine.

Kitaalamu unaitwa leptospirosisi, nao si wa ajabu wala si mgeni. Mwaka 2015 watafiti wa kimataifa walichapisha makadirio ambayo yanatajwa hadi leo: kila mwaka watu milioni 1.03 duniani huugua leptospirosisi, na 58,900 kati yao hufa. Mwaka huohuo yakatoka makadirio ya ugonjwa mwingine unaotoka kwa wanyama, kichaa cha mbwa. Huo huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka. Vifo vinalingana, na magonjwa yote mawili huwaangukia zaidi maskini wa nchi za joto. Lakini kichaa cha mbwa kimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, pamoja na ukoma, trakoma, kichocho, usubi, matende na mabusha. Leptospirosisi haimo.

Sisemi kichaa cha mbwa kimependelewa. Kila anayejua kifo chake kilivyo anajua kinastahili kila shilingi kinayopewa. Ninachouliza ni kwa nini maiti 59,000 za upande mmoja zina siku yao ya kimataifa, kampeni za chanjo na mstari katika bajeti, ilhali 58,900 za upande wa pili hazina hata nafasi kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Jibu langu ni kwamba kichaa cha mbwa kina sura. Kuna mbwa aliyeuma, kuna jeraha, kuna mgonjwa anayeogopa maji, na kijiji kizima kinajua kilichomuua. Homa ya mgunda huanza kama homa nyingine yoyote. Mgonjwa huzikwa na ndugu wakasema ilikuwa malaria.

Na makadirio yenyewe yana siri ndani yake. Ukiyasoma hadi mwisho utakuta wagonjwa wanaweza kuwa 434,000 kwa mwaka, au wakawa 1,750,000. Vifo vinaweza kuwa 23,800 au 95,900. Duka lenye hesabu za namna hiyo lingekuwa limeshafungwa. Watafiti hawakukosea, wameambiwa wahesabu kitu ambacho nchi nyingi hazikipimi, hivyo wamechukua takwimu za pale palipopimwa na kukadiria kwingine kote. Upana huo wa makisio ndio unaokuonyesha namna ugonjwa ulivyotelekezwa.

Sasa tumtazame mhusika mwenyewe. Bakteria wa leptospira ni mwembamba mno, amejisokota kama waya wa springi, na ncha zake zimejikunja. Mmarekani aliyemwona kwa hadubini mwaka 1907, ndani ya figo la mtu aliyedhaniwa amekufa kwa homa ya manjano, alisema ana umbo la alama ya kuuliza. Tazama basi: hata huyo mgonjwa ambaye bakteria alionekana kwake kwa mara ya kwanza alikuwa ameandikiwa ugonjwa usio wake. Mwaka 1915 Wajapani Ryokichi Inada na Yutaka Ido wakathibitisha kuwa ndiye aliyekuwa akiwaangusha wachimbaji wa makaa ya mawe huko Kyushu. Wakati huohuo madaktari wa Ujerumani walikuwa wakimkuta kwa wanajeshi waliokuwa wakiishi kwenye mahandaki yenye maji na panya katika Vita Kuu ya Kwanza.

Makao yake ni figo za wanyama. Panya, ng'ombe, nguruwe, mbuzi, mbwa na wanyama wengi wa porini wanaweza kumbeba muda mrefu bila kuonekana wagonjwa. Hutoka na mkojo, akaingia kwenye maji au udongo wenye unyevu, na humo anaweza kuishi majuma kadhaa. Jua kali na ukavu humuua. Tope lenye kivuli humfaa. Binadamu humpata kwa kupitia mchubuko, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini, au kwa macho, pua na mdomo. Mkulima wa mpunga aliyeshinda peku jarubani kuanzia alfajiri hana haja ya kuumwa na kitu chochote. Kukanyaga kunatosha.

Homa huja baada ya siku 2 hadi 30, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 14. Kichwa huuma sana, macho huwa mekundu bila tongotongo, na misuli huuma, hasa ya vigimbi vya miguu, kiasi kwamba mtu akikugusa unaruka. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki, na pengine hawatajua kamwe walikuwa na nini. Kwa wachache mambo hugeuka. Ngozi na macho huwa ya njano, figo hugoma kufanya kazi, mapafu huanza kuvuja damu. Hapo mtu anahitaji mashine ya kusafisha damu au ya kumsaidia kupumua, na mashine hizo hazipo zahanati ya kijijini.

Kinachouma ni kwamba dawa zipo. Doksisaiklini, ambayo duka la dawa la mtaani halikosi, huutibu ugonjwa huu ukiwahiwa. Penisilini, moja ya antibiotiki kongwe tulizonazo, huutibu. Hospitali hutumia pia seftriaksoni ya sindano. Hatuzungumzii saratani wala dawa za kuagizwa Ulaya kwa mamilioni. Tunazungumzia ugonjwa ambao tiba yake inaweza kuwa ya bei rahisi kuliko nauli ya bodaboda ya kumfikisha mgonjwa kituoni, iwapo tu mtu ataufikiria.

Na hapo ndipo pagumu. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wenye homa kali waliolazwa katika hospitali mbili za mjini Moshi, KCMC na Mawenzi, watoto kwa watu wazima. Madaktari waliwaandikia malaria 528, yaani zaidi ya nusu. Vipimo vya kina vilipofanyika, waliokuwa wanaugua malaria kweli walikuwa 14. Naomba msomaji arudie namba hizo mbili taratibu. Kwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, kiasi cha robo walikutwa nayo, na iliyoongoza ilikuwa leptospirosisi. Watafiti walikadiria kuwa mkoani Kilimanjaro, kwa kipindi hicho, watu 75 hadi 102 katika kila 100,000 walikuwa wakiugua homa ya mgunda kwa mwaka mmoja. Ruangwa ilikuwa bado miaka 14 mbele.

Tangu wakati huo kipimo cha haraka cha malaria kimesambaa hadi vijijini, na kwa hilo tumshukuru Mungu na waliokileta. Kimeokoa dawa na kimeokoa watu. Ila kimeacha swali mezani. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, mganga afanye nini? Kila Mtanzania anajua kinachofuata: "Una taifodi." Ikikosekana taifodi, basi una UTI. Sijui nchi nyingine ambayo watu wazima wenye homa, wanaume kwa wanawake, huambiwa wana UTI kwa wingi namna hii. Mgonjwa huondoka na mfuko wa vidonge. Akibahatika, humo ndani mna dawa inayomgusa leptospira kwa bahati. Akikosa bahati, baada ya siku tano anarudi macho yakiwa ya njano.

Tusimtupie lawama tabibu wa zahanati. Kipimo kinachoaminiwa zaidi cha leptospirosisi kinahitaji maabara inayofuga bakteria wenyewe wakiwa hai, wa aina nyingi, maana aina zinazojulikana ni zaidi ya 250. Damu ya mgonjwa huchanganywa na kila aina na kutazamwa kwa hadubini ionekane kingamwili zinamshika yupi. Tena huhitajika damu ya mara mbili, ya siku za mwanzo na ya wiki kadhaa baadaye, ili kuona kama kingamwili zimepanda. Sampuli za utafiti ule wa Moshi zilipelekwa hadi Marekani kupimwa. Kwa elimu, ni kazi ya thamani kubwa. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani leo usiku, kipimo kinachotaka damu ya wiki mbili zijazo hakimsaidii chochote. Vipo vipimo vya haraka, lakini katika siku za kwanza za homa, ambazo ndizo dawa inafaa zaidi, vingi huwa bado havioni kitu.

Tanzania si maskini wa elimu ya jambo hili. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefanya utafiti wa leptospira kwa miaka mingi, hadi aina mojawapo ya bakteria huyu duniani inaitwa Sokoine. Ndicho chuo hichohicho ambako panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wenzao wa porini, kwa upande mwingine, wamekutwa wakibeba leptospira. Tanga mjini na vitongoji vyake, watu wa kazi za hatari walipopimwa, takriban 15 katika kila 100 walikuwa na kingamwili zinazoonyesha kuwa wamewahi kukutana na bakteria huyo. Maarifa yapo. Kilichokosekana ni barabara ya kuyatoa chuoni na kuyafikisha kwenye daftari la zahanati.

Na maarifa hayo yana jambo la kutushtua sisi tuliomlaumu panya. Watafiti waliokwenda kumtafuta mbebaji huko Kilimanjaro walitega na kupima mamia ya panya. Hawakupata hata mmoja mwenye maambukizi. Walipokwenda machinjioni wakakuta ng'ombe wapatao 7 katika kila 100 wanambeba, na wachache miongoni mwa mbuzi na kondoo. Walipowachunguza watu waliougua, kazi zilizojitokeza zilikuwa kulima mashamba ya mpunga, kulisha ng'ombe na kusafisha zizi. Kwa hiyo ushauri wa kununua sumu ya panya, kwa Mchaga anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa mgombani, pengine unamlindia mahindi ghalani lakini haumlindi yeye. Mahali pengine panya ndiye mwenye makosa. Hakuna jibu moja la nchi nzima, na anayekupa jibu moja hajapima.

Mjini Salvador, Brazili, panya ana hatia kamili. Mwaka 1996 mvua zilipojaza mifereji ya maji taka kwenye vitongoji duni vya mji huo, wagonjwa 326 wa leptospirosisi waligundulika kati ya Machi na Novemba, na katika kila 100 walikufa 15. Wakati huohuo kulikuwa na dengue. Wagonjwa 42 kati ya 100 waliandikiwa dengue kwanza, wakarudishwa nyumbani au wakacheleweshwa. Kwetu malaria, kwao dengue: ugonjwa maarufu humeza ule usio na jina. Sri Lanka mwaka 2008 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 7,000 na vifo zaidi ya 200, wengi wakiwa wakulima wa mpunga. Shelisheli, jirani zetu wa baharini, wamo miongoni mwa wanaoongoza duniani kwa kiwango cha maambukizi wakilinganishwa na idadi yao. Bungoma, Kenya, mlipuko wa 2004 ulikuta wanafunzi shuleni.

Wanaokufa ni nani? Karibu nusu ya wagonjwa duniani ni wanaume wa umri wa miaka 20 hadi 49. Watafiti walipopima mzigo huu kwa miaka ya maisha yenye afya inayopotea, walipata miaka milioni 2.9 kila mwaka, na asilimia 80 yake ni ya wanaume. Ni kibarua wa miwa, mchinjaji, mfugaji, mkulima, mzibua mitaro, kijana anayechimba mchanga mtoni. Ni mtu ambaye nyumba nzima inamtegemea. Wafadhili wa afya, kwa sababu nzuri, wamezoea kuhesabu watoto chini ya miaka mitano na akina mama wajawazito. Baba wa miaka 35 aliyekufa kwa homa hana mradi unaomhesabu.

Mara chache ugonjwa huu huwapata wenye nafasi, na hapo dunia huona haraka. Mwaka 2000 yalifanyika mashindano ya mbio za msituni huko Borneo, washiriki 304 kutoka nchi mbalimbali, wakaogelea katika Mto Segama. Wakiwa wamesharudi makwao wakaanza kuugua. Wachunguzi waliwapata 189 wa kuhojiwa. 80 kati yao walikuwa na dalili za ugonjwa. Taarifa ilizunguka mabara kwa siku chache. Mwaka 2010 Mwingereza Andy Holmes, aliyeshinda medali za dhahabu za Olimpiki katika kupiga makasia mwaka 1984 na 1988, alifariki kwa leptospirosisi akiwa na miaka 51. Ilikuwa habari kubwa Uingereza, na wapiga makasia wa huko hufundishwa kufunika vidonda kabla ya kuingia majini. Mkulima wa Kilombero hajafundishwa.

Walioonyesha kuwa mzigo unaweza kupunguzwa ni New Zealand. Miaka ya 1970 mamia ya wakulima na wakamuaji wao walikuwa wakiugua kila mwaka, wakiambukizwa kwa mkojo wa ng'ombe wakati wa kukamua. Nchi ikaamua kuchanja ng'ombe na nguruwe. Idadi ya wagonjwa ikaporomoka. Tafakari hesabu hiyo: sindano anachomwa ng'ombe, anayepona ni binadamu, na pesa inatoka upande wa kilimo. Kwetu, Wizara ya Afya inahesabu watu, Wizara ya Mifugo inahesabu ng'ombe. Mpango wa Afya Moja, unaounganisha afya ya watu na ya wanyama na ambao Tanzania imeukubali kwa maandishi, ulibuniwa hasa kwa magonjwa ya namna hii. Homa ya mgunda ingekuwa mtihani wake mzuri: ng'ombe akiharibu mimba, jambo ambalo leptospira huweza kusababisha, daktari wa mifugo akampigia simu daktari wa binadamu wa kata ileile.

Kuhusu kinga ya mtu mmoja mmoja, wataalamu hushauri gambuti na glavu. Ni ushauri sahihi, na aliyewahi kulima mpunga atakwambia gambuti hunasa kwenye tope la jaruba hadi mguu ukatoka buti likabaki. Mchinjaji na msafisha zizi hawana kisingizio hicho. Hao waajiri wao wawanunulie. Kwa mkulima, kufunika vidonda kwa plasta isiyopitisha maji na kunawa miguu kwa sabuni baada ya kazi si kinga kamili lakini ni kitu. Dawa ya kujikinga nayo imejaribiwa. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa mafunzoni Panama walipewa doksisaiklini miligramu 200 kwa wiki, maambukizi yakapungua sana. Jimbo la Kerala nchini India lilipofurika mwaka 2018, serikali iligawa vidonge hivyo kwa watu waliokuwa wakifanya kazi majini. Rufiji ilipofurika Aprili 2024, mazungumzo yetu yote yalikuwa juu ya kipindupindu. Kipindupindu ni hatari kweli, lakini si kila ugonjwa unaokuja baada ya mafuriko unatoka kwenye maji ya kunywa.

Wizara ya Afya haihitaji mabilioni ili kuanza. Iandike leptospirosisi katika mwongozo wa tiba ya homa ngazi ya zahanati, kwa swali moja la lazima kwa kila mgonjwa ambaye kipimo cha malaria hakikuona kitu: unafanya kazi gani? Izipe maabara za rufaa za kanda vifaa na watu wa kupima, hata kama ni kwa vituo vichache vya uchunguzi wa kudumu Kilombero, Moshi, Lindi na Kagera. Ipeleke takwimu zake Geneva, makao makuu ya WHO, maana ugonjwa huongezwa kwenye ile orodha pale nchi zinapoupigania.

Na wewe msomaji, usisubiri mwongozo. Kama ndani ya wiki nne zilizopita umeingia jarubani, umesafisha zizi, umechinja, umezibua mtaro au umepita kwenye maji ya mafuriko, kisha homa ikakushika na vigimbi vya miguu vikauma, mwambie daktari hayo yote kabla hajaandika dawa, na mtajie homa ya mgunda kwa jina.